Uwanda wa Makonde, Rondo na pwani ya kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miamba, maji na udongo

Ukurasa huu ni wa wakazi, wanafunzi, wakulima, mafundi na wageni wanaotaka kujua ardhi ya Lindi na Mtwara imejengwa na nini. Haukufuata mpangilio wa kitabu cha shule. Swali la volkano limetangulia kwa sababu ukilikosea hilo, hutaelewa kwa nini Newala maji ni ya shida, kwa nini mkorosho unastawi, wala kwa nini gesi imepatikana huku.

Je, Uwanda wa Makonde ulitokana na volkano?

Hapana. Uwanda huu ni mchanga ulioshikana, wenye matabaka ya mfinyanzi na kokoto katikati yake. Sehemu kubwa ilibebwa na kulazwa na mito katika kipindi cha Kretasia, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Hakuna lava chini ya Newala wala Tandahimba, na uwanda wa jirani wa Rondo ni vivyo hivyo.

Kosa hili lina sababu. Uwanda una juu tambarare na kingo zinazoshuka ghafla, na udongo wake ni mwekundu kama wa Moshi au Tukuyu. Nyanda za volkano nazo zina sura hiyo. Lakini kinacholeta umbo hilo ni tabaka lililolala na kudumu huku pembeni kukiliwa na mito, liwe tabaka la lava au la mchanga. Wekundu nao ni kutu ya chuma, na chuma kimo karibu katika kila mwamba.

Uwanda wa volkano wa kweli ukoje?

Lava nyepesi inatoka kwenye nyufa ndefu za ardhi, inatiririka mbali, inaganda, kisha nyingine inakuja juu yake. Uwanda wa Deccan nchini India ulijengwa hivyo karibu miaka milioni 66 iliyopita, na hadi leo miamba yake inafunika karibu kilomita za mraba 500,000. Nyanda za Ethiopia zina lava ya miaka kama milioni 30. Ile ya Lesotho ni ya zamani zaidi, karibu miaka milioni 183. Ukitazama ukingo wa uwanda wa namna hiyo unaona ngazi: genge la lava ngumu, mteremko laini, genge jingine. Mara nyingi lava iliyopoa polepole hupasuka na kuwa nguzo zenye pande sita.

Ndani ya Tanzania, ukitaka kukanyaga ardhi ya juu iliyofunikwa na mazao ya volkano, nenda Kitulo, kati ya Mbeya na Njombe. Newala hutaipata.

Nimeokota jiwe zito, jeusi-jekundu, lenye vitundu. Si lava hilo?

Karibu kila mara ni jiwe la chuma la udongo, lile linalochimbwa kama moramu ya barabara. Linaundwa ardhini: maji ya mvua yanayeyusha chuma, ukame unakikausha, kinashikanisha chembe za mchanga mpaka zinakuwa donge. Vitundu vyake ni njia za mizizi na mchwa, au mahali ambapo udongo laini ulioshwa ukatoka.

Vipimo vya nyumbani vinatosha kulitambua. Kwaruza jiwe nyuma ya kigae cha sakafu, upande usiong'aa. Jiwe la chuma linaacha mstari mwekundu au wa kahawia-njano. Lava nyeusi inaacha mstari wa kijivu au haiachi kitu. Livunje, uangalie ndani: ukiona chembe za mchanga zinazong'aa zimefungwa na kutu, kesi imekwisha. Lava ina ndani ya rangi moja, ya kijivu iliyokolea, na pengine punje ndogo za kijani. Ukiwa pwani, dondoshea pia maji ya ndimu. Likitoa povu ni chokaa ya matumbawe iliyochafuka.

Kuna jiwe moja la volkano ambalo kweli linaweza kuokotwa ufukweni: jiwe jepesi la kusugulia nyayo, linaloelea majini. Hilo huja na mkondo wa bahari. Krakatau ilipolipuka mwaka 1883 kule Indonesia, mawe ya aina hiyo yalielea yakavuka Bahari ya Hindi mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Kuliokota Msimbati hakuthibitishi chochote kuhusu Msimbati.

Volkano iliyo karibu nasi ni ipi?

Wengi hutaja Rungwe. Lakini kutoka Mtwara mjini, Rungwe iko kama kilomita 700 upande wa magharibi, wakati Karthala, katika kisiwa cha Ngazija, Komoro, iko kama kilomita 380 tu ng'ambo ya bahari. Karthala ina urefu wa mita 2,361 na ililipuka mwaka 2005, 2006 na 2007. Mbele yake, mashariki ya Mayotte, mitetemo mingi iliyoanza Mei 2018 iliwafanya watafiti kugundua mwaka 2019 volkano mpya kabisa chini ya bahari.

Hakuna sababu ya kuhofia lava Mtwara.

Matetemeko je?

Yapo, na hayahitaji volkano. Tawi la Bonde la Ufa linapita chini ya bahari mbele ya pwani ya Tanzania na Msumbiji, na sakafu ya bahari hapo inapasuka taratibu. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Kwa nyumba zetu, hatari ya kwanza ni tofali zisizofungwa na mkanda wa zege. Nyumba ya tofali za udongo yenye paa zito na isiyo na mkanda juu ya madirisha huachia kwenye kona.

Nikisafiri kutoka Masasi hadi baharini, napita juu ya miamba gani?

Barabara ya Masasi, Ndanda, Mtama hadi Mnazi Mmoja ni somo zima la jiolojia, na basi lisipokimbia sana utaliona.

Masasi uko juu ya miamba ya msingi, iliyopikwa na kukunjwa chini kabisa ya milima mikubwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Naisi na granaiti ndiyo iliyosimama kama vilima vya mviringo vilivyo uchi. Ukikaribia Ndanda, mkono wa kulia unaona ukuta wa kijani: huo ni ukingo wa kaskazini wa Uwanda wa Makonde, mchanga uliolala juu ya miamba hiyo ya zamani. Bonde unalofuata ni la Lukuledi. Mto huu ndio uliokata kati ya Uwanda wa Makonde na Rondo. Kwa hiyo tambarare mbili unazoziona kulia na kushoto ni ndugu waliotenganishwa na maji.

Kadiri unavyoshuka, miamba inakuwa ya umri mdogo zaidi, kwa sababu matabaka yote yameinama kidogo kuelekea baharini. Kuzunguka Lindi na kupanda hadi Kilwa kuna mfinyanzi mzito wa kijivu-kijani uliotuama kwenye bahari ya kina. Wanajiolojia wanauita Kundi la Kilwa, na umri wake unaanza mwisho wa Kretasia hadi karibu miaka milioni 30 na kitu iliyopita. Juu yake, hasa kati ya Mikindani na Mtwara, kuna mchanga mwekundu na kokoto, vya umri mdogo mno. Mwisho kabisa, ufukweni, ni mwamba wa matumbawe. Sehemu kubwa ya mwamba huo ni mabaki ya miamba hai ya wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, karibu miaka 125,000 iliyopita.

Mfinyanzi wa Kilwa, ambao mkulima anauchukia, ni maarufu duniani. Visukuku vidogo visivyoonekana kwa macho vimehifadhika humo vikiwa safi kama kioo. Watafiti walitoboa mashimo Kilwa na Lindi, wakatumia visukuku hivyo kupima hali ya hewa ya kale, ikiwemo ya miaka kama milioni 34 iliyopita, barafu kubwa ilipoanza kujengeka Antaktika.

Mchanga ulilazwa chini na mito. Umefikaje mita 900?

Madagaska ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa Afrika Mashariki. Ilipoanza kuachana nasi, karibu miaka milioni 160 na kitu iliyopita, ikateleza kuelekea kusini, na ukingo wa bara ukazama na kupokea mchanga kutoka milima ya bara. Baadaye bara zima likainuka. Mito ikaanza kuchimba upya: Ruvuma kusini, Lukuledi kaskazini, Mbemkuru mbele zaidi. Uwanda ni kile kilichobaki.

Kilibaki kwa sababu kinanyonya mvua. Maji yanayozama hayachimbi mabonde juu ya ardhi. Ndiyo maana uwanda unapanda pole pole kutoka pwani kuelekea magharibi hadi karibu mita 900, kisha unakatika ghafla Newala, ukiangalia bonde la Ruvuma na Msumbiji. Ng'ambo, uwanda wa Mueda ni mwenzake.

Na milima ya mawe ya Masasi?

Ni mabaki ya miamba migumu iliyokuwa na nyufa chache. Kote kulikopasuka-pasuka, maji yaliingia, mwamba ukaoza kuwa udongo, udongo ukachukuliwa. Kusikopasuka kukabaki, kama Mtandi. Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka Afrika Mashariki miaka ya 1890, na maelezo yake ya vilima vya aina hii, yaliyochapishwa mwaka 1900, ndiyo yaliyovipa jina la kitaalamu linalotumika hadi leo. Vile vya mviringo vimepewa jina lake mwenyewe.

Tahadhari kwa wanaojenga chini ya vilima hivyo: magamba ya mwamba hubanduka juani na mvuani. Ukiona vipande vyenye kingo kali chini ya mteremko, vilianguka si zamani. Usiweke nyumba hapo.

Kwa nini juu ya uwanda hakuna mto wala kisima cha kuchimba kwa jembe?

Mvua ipo, karibu milimita 1,000 kwa mwaka, kati ya Novemba na Mei. Mchanga unaimeza. Maji yanashuka mpaka yakute tabaka la mfinyanzi au mwamba wa msingi, yanatembea pembeni, kisha yanatokeza chini ya ukingo kama chemchemi. Ndiyo sababu Ndanda ina maji mwaka mzima, na ndiyo sababu vyanzo vikubwa viko chini: Mitema, katika bonde la Kitangari, inayohudumia watu wa juu ya uwanda, na Mbwinji, inayopeleka maji Masasi na Nachingwea.

Ukichimba kwa jembe na ndoo Tandahimba utakutana na mchanga mkavu mpaka ukate tamaa, na mchanga huo unabomoka. Watu wamefukiwa kwa kazi hiyo. Usishuke kwenye shimo la mchanga lililozidi kimo cha mtu bila kuwekewa kuta za zege au mbao.

Kusukuma maji juu ni gharama ambayo haina ujanja. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 400 kunahitaji uniti 1.1 za umeme kwa hesabu tupu ya fizikia. Pampu na mota zikiwa na ufanisi wa nusu na kidogo, ni uniti 2, kabla ya kuhesabu maji yanayovuja njiani. Yeyote anayeahidi maji ya bure juu ya uwanda ajibu kwanza hesabu hiyo.

Kisima cha maji ya mvua kiwe na ukubwa gani?

Anza na matumizi, usianze na mfuko wa saruji. Watu 5, lita 20 kila mmoja kwa siku, siku 200 za kiangazi: lita 20,000. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 3 na kina cha mita 3 linabeba karibu lita 21,000. Linatosha, bila mifugo.

Kisha paa. Paa la bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 900, ukitoa asilimia 20 inayopotea: 60 × 900 × 0.8 = lita 43,200. Kwa hiyo bati lako linaweza kujaza kisima mara mbili. Kinachokosekana ni mfereji. Nyumba nyingi zina mfereji upande mmoja tu, na nusu ya maji inaishia kuchimba msingi.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa mara ngapi yanatokea:

Lipu kupasuka. Tumia saruji 1 kwa mchanga 3, makoti mawili, na umwagilie kwa siku 7 angalau. Mchanga wa uwanda una mfinyanzi mwingi. Weka kiganja cha mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, acha saa moja: maji yakibaki mekundu na tabaka la tope juu likiwa nene, uoshe au utafute mwingine. Kisima kilichoachwa kikavu kabisa miezi mitatu hupasuka pia. Bakiza maji ya kimo cha kiganja chini, hata machafu.

Mizizi. Mwembe au mkorosho ulio karibu utakifuata kisima.

Maji ya kwanza. Mvua ya kwanza inaosha vumbi, kinyesi cha popo na majani. Mwaga milimita ya kwanza: kwa paa hilo ni lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20. Bomba la pembeni lenye kizibo chini linafanya kazi hiyo lenyewe.

Mfuniko. Bila mfuniko na wavu kwenye bomba la kuzidi, umejenga shamba la mbu. Maji ya kunywa yachemshwe hata hivyo.

Wanaokinga maji kwa uwanja wa saruji ulioinama ardhini badala ya bati wapate uzio kwanza. Mbuzi mmoja anatosha kuharibu msimu.

Kisima changu cha pwani kilikuwa kitamu, sasa kina chumvi. Nini kimetokea?

Umevuta kupita kiasi. Pwani ya Mtwara, Mikindani na Lindi, maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Kanuni inayotumika ni hii: kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Ukishusha maji kwa mita 1, chumvi itapanda taratibu kukufuata kwa mita nyingi. Kuongeza kina ndilo kosa ambalo kila mtu hulifanya, na ndilo linaloua kisima. Fanya kinyume: rudisha kina juu, tumia pampu ndogo kwa saa nyingi badala ya kubwa kwa saa moja, na kama kiwanja kinaruhusu, chimba visima viwili vifupi vilivyo mbalimbali.

Jambo la pili: mwamba wa matumbawe una matundu. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, unaosemwa siku zote, unafaa kwenye mchanga. Kwenye matumbawe uchafu hupita kama kwenye bomba. Kaa mbali zaidi, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko.

Udongo huu una rutuba?

Kidogo, na iko juu. Mchanga hauna uwezo wa kushika chakula cha mmea. Majani yaliyooza ndiyo yanayoshika. Ukichoma kichaka, msimu wa kwanza unavuna, wa tatu unalalamika. Udongo wa volkano wa Rungwe unaendelea kutoa madini kila mwamba unapooza. Mchanga wa Makonde ulishaoza na kuoshwa kabla haujafika hapa.

Kwa hiyo panda kinachokubaliana nao. Mkorosho unapenda udongo wenye kina usiotuamisha maji, na mizizi yake inafuata unyevu chini sana. Mihogo, mbaazi, njugu mawe na ufuta vinafuata. Kwenye mfinyanzi mweusi wa mabondeni usipeleke mkorosho. Utakufa kwa maji mguuni. Huko peleka mpunga.

Nafasi ya mkorosho ni mita 12 kwa 12, miche 69 kwa hekta. Wanaobana mita 8 wanapata vivuli na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mkorosho, korosho hapana.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga inaharibu ardhi?

Inaongeza tindikali, ndiyo. Salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria kuwa asidi, na mchanga hauna cha kuizuia. Hesabu: gramu 250 kwa mti, mara 5 kwa msimu, ni kilo 1.25, kwa miti 69, ni kilo 86 kwa hekta. Kila kilo ya salfa inahitaji zaidi kidogo ya kilo 3 za chokaa ya kilimo kuizima. Kama yote ingeanguka shambani ungehitaji kama kilo 270 za chokaa kila mwaka. Upepo unachukua sehemu, lakini jirani naye ana shamba.

Ishara: mahindi na karanga chini ya mikorosho ya zamani hudumaa kabla mkorosho wenyewe haujaonyesha lolote. Pima udongo, TARI Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndicho kituo cha utafiti wa korosho cha kuanzia. Tumia chokaa iliyosagwa, isiyochomwa. Ile ya kupaka ukutani inaunguza mizizi.

Nyumba yangu Lindi inapasuka kila mwaka. Fundi ndiye mbaya?

Pengine. Lakini tazama udongo kwanza. Mfinyanzi wa Kilwa na udongo mweusi wa mabonde huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Nyufa zinazofunguka Septemba na kujifunga Machi ni za udongo. Nyufa zisizobadilika ni za fundi.

Dawa ni kushusha msingi mita 1 hadi 1.5, chini ya pale udongo unapobadilika unyevu, kuufunga kwa mkanda wa zege wenye nondo, na kuzunguka nyumba kwa sakafu ya mita 1 inayomwaga maji mbali. Usipande mwarobaini karibu na ukuta. Unanyonya maji upande mmoja na nyumba inainama huko.

Kwenye mchanga mwekundu wa Mikindani na uwandani tatizo ni jingine: ukiwa mkavu unabeba vizuri, ukilowa ghafla unashuka. Mwagilia na ushindilie mtaro kabla ya kumwaga zege, tabaka za sentimita 15. Na mfereji wa bati, tena.

Makorongo ya Newala yanatokana na nini?

Maji yaliyokusanywa mahali pamoja. Mchanga unanyonya mvua inapoanguka kila mahali, lakini barabara, paa na njia ya ng'ombe zinaipeleka kwenye ukingo ikiwa mto. Kalvati inayotema maji kwenye mteremko bila ngazi za mawe chini yake itazaa korongo ndani ya msimu mmoja. Kujaza takataka hakusaidii. Zuia maji juu: vunja mkondo kila mita 20 au 30 kwa tuta linaloyapeleka kwenye majani, kisha pandia mianzi au vetiva kwenye kichwa cha korongo.

Gesi inahusianaje na yote haya?

Kama huku kungekuwa uwanda wa volkano, kupata gesi kungekuwa bahati kubwa. Gesi inataka mashapo mazito: tope lenye mabaki ya viumbe lililofukiwa na kupata joto, mchanga wenye matundu wa kuihifadhi, na mfinyanzi wa kuifunika. Pwani ya kusini ina vyote vitatu. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha mwaka 2004. Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Ntorya, gesi ya nchi kavu katika Wilaya ya Mtwara, ilipatikana 2012.

Madini mengine?

Kinywe (grafaiti) kiko Ruangwa na Nachingwea, kwenye miamba ya msingi, kwa sababu kinywe ni tope lenye kaboni lililopikwa sana. Usikitafute uwandani. Jasi iko Kilwa. Chokaa ya saruji iko pwani. Chumvi inavunwa kwa jua kwenye mabwawa ya kingo za mikoko, nayo haihitaji mchimbaji, inahitaji kiangazi.

Tendaguru iko wapi, na mjusi yule mkubwa wa kale, dinosaria, alifikaje humo?

Ni kilima kilicho kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Miaka milioni 150 iliyopita hapo palikuwa ufukwe wenye rasi na tope la kupwa na kujaa. Ndiyo maana matabaka ya mifupa yanapishana na matabaka ya mchanga yenye kombe za baharini.

Mhandisi wa migodi Bernhard Sattler aliona mifupa mwaka 1906. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kazi ikifanywa na mamia ya watu wa kusini. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi na fundi mkuu wa mifupa, na anastahili kutajwa kabla ya wengi waliopewa sifa. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani mpaka bandari ya Lindi. Kiunzi kikubwa cha mjusi huyo kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha mita 13.27. Waingereza nao walikuja kuchimba kati ya 1924 na 1931.

Nikiokota mfupa wa jiwe nifanye nini?

Uache ulipo. Piga picha na kitu cha kupimia pembeni, andika mahali, toa taarifa kwa serikali ya kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba au kuondoa masalia bila kibali. Na kwa sayansi, mfupa usiojulikana ulitoka tabaka gani thamani yake imeshapotea.

Nina siku mbili. Niende wapi kuona matabaka kwa macho?

Siku ya kwanza, simama ukingoni mwa Newala asubuhi kabla ya ukungu wa joto, uangalie bonde la Ruvuma. Kisha shuka kwenda Masasi, na kwenye michongo ya barabara utaona mchanga, kokoto na mfinyanzi vikipishana. Malizia Mtandi jioni. Siku ya pili, teremka kwa Ndanda na ufuate Lukuledi hadi Lindi, kisha Mikindani, bahari ikipwa, uone matumbawe. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika michongo inafunikwa na majani, na barabara ya Rondo si ya gari dogo. Chukua chupa ya ndimu na kigae cha sakafu.